Nukuu Zisizo na Kitabu

Ukifungua Dune ya Frank Herbert, iliyotoka 1965, kila sura inakupokea kwa maneno ya mtu mwingine kabla hadithi haijaendelea. Mara nyingi mtu huyo ni Binti Mfalme Irulan, na chini ya nukuu kuna jina la kitabu alichoandika. Kakitafute maktaba yoyote, hukipati ng'o. Kitabu hakipo, Irulan hayupo, maneno yote ni ya Herbert.

Mimi nakula kwa nukuu. Katika uandishi wa habari, kumlisha mtu maneno ni kosa la kukufukuzisha kazi. Sasa kwa nini uongo huu wa riwaya tunaupenda?

Mchezo wenyewe ni mkongwe. Mwishoni mwa karne ya 18, Ann Radcliffe alikuwa akitanguliza sura zake kwa mistari ya Shakespeare na washairi wengine. Zile zilikuwa nukuu za kweli. Walter Scott akafuata njia hiyo katika The Antiquary, 1816, lakini kusaka mistari inayofaa kukamchosha. Akaanza kutunga yake, na chini anaandika tu kwamba imetoka katika "Tamthilia ya Zamani". Mwaka 1827 alikiri kwamba nyingi alizibuni mwenyewe, hata baadhi ya zile zenye majina ya washairi wa kweli. Kumbe kuna wasomaji waliokuwa wamepekua vitabu vya Isaac Watts, mtunzi wa nyimbo za kanisani, wakitafuta beti ambazo Watts hakuziandika kamwe. Scott aliona inachekesha.

Tusimshangae sana. Shuleni tulifundishwa kuanza insha kwa methali. Methali ikigoma kuja, mwanafunzi anatunga yake, anaandika "wahenga walisema", na mwalimu anapiga tiki. "Tamthilia ya Zamani" ndiye mhenga wa Scott.

Waandishi wa fantasia waliipa hila hii kazi nyingine. Dunia ya kubuni haina Shakespeare wake, lazima umtunge. Robert E. Howard alipomleta Conan katika jarida la Weird Tales, Desemba 1932, alitanguliza aya moja ya kumbukumbu za kale za nchi ya Nemedia. Aya moja tu, na tayari unajua kuna falme nyingi na wasomi waliozirekodi.

Herbert akaenda mbali zaidi. Nukuu za Irulan zinatuambia mapema kwamba Daktari Yueh ni msaliti, kwa hiyo hatuulizi nani, tunauliza lini. Halafu Irulan mwenyewe anatokea mwishoni kabisa: binti wa mfalme aliyeshindwa, anayeolewa na mshindi kwa ajili ya kiti cha enzi tu. Hapo unarudi kuzisoma nukuu zake upya. Yule mwanahistoria uliyemwamini kitabu kizima ana baba aliyepinduliwa na mume asiyempenda.

Brandon Sanderson naye, katika The Final Empire ya 2006, anaanza sura kwa vipande vya shajara. Wahusika wakiipata shajara hiyo wanadhani iliandikwa na mtawala dhalimu wao. Sivyo. Mtawala ni mtu mwingine, aliyemuua mwenye shajara na kuchukua nafasi yake.

Yaani nukuu hizi za kubuni zinatufunza kuuliza maswali ya chumba cha habari: nani kasema, lini, ana maslahi gani? Tunayahitaji. Maneno ya Marianne Williamson, kutoka kitabu chake cha 1992, yamesambazwa kwa miaka mingi kama hotuba ya Mandela, na watu wanayasambaza bila kuuliza.

Kwangu mpaka upo hapo. Herbert hakumsingizia mtu, maana Irulan ni wake. Scott alipotumia majina ya washairi wa kweli, alichukua kitu kisicho chake. Watts alikuwa amekufa tangu 1748, hakuwa na namna ya kusema "mimi sikusema hivyo."