Walishona Bila Kuweka Majina: Stori ya Blanketi za Viraka

Leo mastaa tuwaweke pembeni, tuwaongelee akina mama ambao wengi wao hata majina yao hayajulikani.

Wamennonite unawajua? Mtu wa Mara anawajua vizuri, maana wamisionari wao kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934. Ila stori yao inaanzia Ulaya, karne ya 16. Walibatiza watu wazima tu na walikataa kushika silaha. Kwa imani hiyo wengi waliuawa, wengine kwa kuzamishwa majini, wengine kwa moto.

Mwaka 1573, kule Antwerp, alichomwa mama mmoja anaitwa Maeyken Wens. Kabla ya kumpeleka, walimbana ulimi kwa skrubu ili asihubiri. Mwanae alienda kushuhudia, akazimia. Alipozinduka mama hayupo tena, akapekua majivu mpaka akaipata ile skrubu. Yaani ndio kumbukumbu aliyobaki nayo.

Watu wenye historia kama hiyo ungetegemea walee kisasi, si ndio? Sasa njoo mpaka mwisho wa Vita ya Pili ya Dunia. Ulaya imebomoka, wakimbizi kila kona, baridi kali. Wanawake wa Kimennonite wa Kanada na Marekani wakachukua nguo kuukuu na mabaki ya vitambaa, wakakata, wakaunga viraka, wakashona blanketi. Shirika lao la misaada, MCC, lililoanzishwa mwaka 1920, likazisafirisha mpaka Uholanzi. Misaada yao ilifika hata Ujerumani, nchi iliyokuwa adui juzi tu!

Na sio kwamba walikuwa hawajui shida. Kuna familia kule Kanada zilikuwa zenyewe zimekimbia njaa na vurugu za Urusi miaka ya 1920. Mtu aliyewahi kulala na baridi anajua blanketi ni nini.

Miaka imepita, baadhi ya blanketi zile zimetundikwa kwenye maonyesho, watu wanaziangalia kama sanaa. Kiukweli ni sanaa. Shida ni kwamba mwanaume akichora picha anaitwa msanii, mama akishona tunasema ni kazi za nyumbani, basi jina lake linapotea.

Haya, niambie ukweli: wewe ungemshonea blanketi adui yako? Funguka hapo chini.