Jina la Mwalimu, Mkono wa Mwanafunzi

Mwaka 1812, katika jiji la Edo ambalo leo ni Tokyo, mchoraji Utagawa Toyohiro alimpa mwanafunzi wake jina la kazi. Kijana akawa Utagawa Hiroshige, amebeba kipande cha jina la aliyemfunza. Mwana hutazama kisogo cha nina, na mafundi wa picha za mbao wa Japani waliitia methali hiyo kwenye sahihi zao. Kunisada, wa ukoo huohuo wa kazi, alivuka hapo: mwaka 1844, mwalimu wake Toyokuni akiwa keshafariki, alilitwaa jina lake lote.

Hermann Struck, mchoraji na Myahudi mshika dini aliyezaliwa Berlin mwaka 1876, naye alitia sahihi ya ukoo. Kwenye kazi zake aliandika jina lake la Kiebrania, Chaim Aaron ben David, pamoja na nyota ya Daudi. Lakini jina hilo lilitoka kwa baba yake mzazi, na hakumvisha mwanafunzi yeyote.

Tofauti hii imo hata katika ufundi wenyewe. Edo, mchoraji hakugusa ubao. Alichora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika juu ya ubao wa mcheri na kuchonga mpaka mistari ikabaki imesimama. Mchapaji akapaka rangi na kusugua karatasi kwa mkono, kila rangi na ubao wake. Mchapishaji akagharimia yote. Picha ilikuwa mali ya karakana nzima, kwa hiyo jina la pamoja lilistahili. Struck alifuata njia ya mtu mmoja. Bamba la shaba hupakwa nta, mchoraji akaikwaruza kwa sindano, kisha asidi ikala shaba pale tu palipokwaruzwa. Bamba likikaa humo muda zaidi, mstari mwembamba huwa mweusi na mzito. Muda huo mchoraji huuamua peke yake.

Kumfunza mtu kazi ya upweke namna hiyo si rahisi, ndiyo maana namstahi sana Struck kama mwalimu. Alipomaliza masomo katika chuo cha sanaa cha Berlin alizuiwa kufundisha hapo kwa sababu ya Uyahudi wake. Mwaka 1908 akatoa kitabu, Die Kunst des Radierens, akaeleza ufundi huo kwa yeyote ajuaye kusoma. Aliwafunza hata wachoraji waliomzidi umri na sifa: Max Liebermann, aliyezaliwa 1847, na Lovis Corinth, wa 1858. Aliyenyimwa darasa akawa mwalimu wa wakubwa wa mji.

Sisemi kwamba jina la ukoo lilimfunga Hiroshige. Mvua na theluji zake ni zake mwenyewe. Ila Struck alitoa ufundi bila kudai kufanana. Yeye alipenda nyuso alizoziona kwa macho: Herzl, Freud, na Wayahudi wa Ulaya Mashariki aliokutana nao akiwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1922, mwaka ambao Struck alihamia Haifa, mchoraji Marc Chagall alijifunza kwake Berlin kazi ya sindano na asidi. Baadaye Chagall alichora kwa ufundi huo mabamba 105 ya Biblia, yakachapishwa 1956, miaka 12 baada ya kifo cha Struck. Malaika wanaopaa humo hawana hata chembe ya mkono wa Struck, na kwangu hilo ndilo linalompa heshima ya mwalimu.