Nyuma ya Dashibodi: Waya za Malori ya Changamwe

Lori likishakula miaka kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malaba, huwa limebeba aina mbili za waya ambazo hazikutoka kiwandani. Kuna waya zilizowekwa na tajiri wa lori, au kwa amri ya serikali, ili dereva achungwe. Na kuna waya alizoweka dereva mwenyewe ili aweze kuishi humo ndani. Zote zinalala pamoja nyuma ya plastiki za kabini, na wa kuzisoma ni mtu mwenye bisibisi.

Mjomba wangu ni fundi wa umeme wa malori hapa Changamwe. Likizo zangu nyingi za shule ziliisha chini ya usukani wa lori la mtu, nimemshikia tochi. Sheria zake za kufungua kabini hazijabadilika. Kwanza toa waya wa hasi kwenye betri, kwa sababu bisibisi ikigusa pasipofaa wakati umeme upo, cheche haitakuuliza jina. Pili, usivute plastiki kwa nguvu, tafuta skrubu. Zimejificha chini ya vifuniko vidogo, ndani ya kijaluba cha karatasi, nyuma ya kishikio cha mlango. Zikiisha zote, kinachoshikilia ni klipu tu, na klipu zinataka kubanduliwa polepole, moja baada ya nyingine. Plastiki iliyopigwa na jua miaka kumi imekauka kama biskuti. Tatu, skrubu za kila kipande ziwe na kikopo chake.

Kipande kikitoka, chini kabisa unakutana na waya za kiwandani, zimefungwa pamoja kwa mpangilio. Kwenye malori ya zamani zilikuwa chache ajabu: starta, taa, honi, waipa. Injini ya dizeli huwaka kwa mgandamizo wa hewa, haina haja ya plagi. Lori la pampu ya kizamani likifiwa na betri, lilivutwa na lori jingine, likawaka, safari ikaendelea.

Malori ya aina hiyo ndiyo yaliyoipokonya reli mzigo. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mzigo wa bandarini ulikuwa wa treni. Lori lilionekana kama mwizi wa wateja, kiasi kwamba katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuilinda reli dhidi ya barabara. Kisha Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli likagawanywa, na barabara ikapata nafasi. Katika miaka hiyohiyo ya sabini Kenya ilipata viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Thika, Nairobi na hapa Mombasa. Dereva wa masafa akawa mtu wa kawaida mtaani kwetu. Na mtu anayelala barabarani siku nne anahitaji sauti ya kumsindikiza.

Ndiyo maana tabaka la kwanza la dereva ni redio ya kaseti. Lori kubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Redio ya dukani ni ya gari dogo, volti 12. Njia ya mkato iliyoenea ni kuchukua umeme kwenye betri moja tu. Redio inaimba vizuri, lakini betri hiyo inashinda njaa huku mwenzake akivimbiwa, na mwishowe zinakufa zote mbili. Dawa yake ni kibadilishi cha kushusha 24 kuwa 12, na fyuzi karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Rafiki mmoja wa familia aliunga redio bila fyuzi. Waya ulishika moto usiku akiwa amelala. Alitoka mzima, lakini godoro, nguo na karatasi zake zote ziliteketea. Kabini ilikuwa nyumba yake, usisahau.

Tabaka linalofuata ni la serikali. Februari 2004 zilianza kutumika kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki. Wengi tunazikumbuka kwa mikanda na mstari wa manjano wa matatu, lakini ziligusa malori pia: gari la biashara lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,048 likiwa tupu lilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo, ile spidi gavana, kisichovuka kilomita 80 kwa saa. Kisha matajiri wakaongeza traka, kisanduku kidogo kilichofichwa mahali ambapo dereva hatakiona. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni za Malaba zilipokuwa ndefu kupindukia, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta mfumo wa kumfuatilia dereva mwenyewe kwa simu, pamoja na majibu yake ya vipimo. Hapo simu ikawa karatasi ya kuvukia mpaka. Simu ikizima, umekwama. Chaja ikaacha kuwa starehe.

Kuna siku tajiri mmoja alileta lori na kuamuru, "Fundi, ng'oa takataka zote za dereva. Traka iache."

Mjomba akamwonyesha waya mmoja mmoja. "Huu wa feni. Huu wa chaja. Huu wa taa ya kulalia. Takataka ni upi, bosi?"

Waya zilibaki. Alizifunga upya, kila mmoja na fyuzi yake. Wiki chache baadaye dereva mwingine alitaka traka ikatwe, na mjomba alimkatalia vilevile. "Mimi naunga waya," alimwambia. "Ugomvi wenu malizaneni mdomoni."

Ugomvi mkubwa zaidi ulitoka nje ya kabini. Treni ya SGR ilizinduliwa Mei 2017, na Agosti 2019 likaja agizo kwamba mizigo ya kwenda Nairobi na bara ipande treni. Watu wa Mombasa waliandamana. Kwetu hesabu ilikuwa rahisi: lori lisipotembea, fundi halipwi, mama wa chapati hauzi, chumba cha kupanga kinabaki kitupu. Novemba 2020 Mahakama Kuu ilisema agizo lile lilikiuka Katiba. Sheria ya miaka ya thelathini ilikuwa imerudi na shati jipya.

Malori mapya yanakuja na tundu la chaja na traka tayari, vyote vikisimamiwa na kompyuta. Yakiharibika yanataka laptopu kwanza, bisibisi baadaye. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kufungua kabini ya lori la zamani, piga picha kabla hujagusa kitu: kwanza upate kukumbuka waya upi ulikuwa wapi, na pili kwa sababu yule dereva aliyeunga ile taa ya kulalia hakuandika popote pengine.