Babeli: Kiburi cha mwanadamu na hukumu ya Mungu katika Biblia

Kilomita zipatazo 85 kusini mwa Baghdad, nchini Iraq, yapo magofu ya mji wa kale wa Babeli. Matofali mengi ya magofu hayo yamepigwa chapa ya jina la Mfalme Nebukadneza wa Pili, aliyetawala kati ya mwaka 605 na 562 Kabla ya Kristo (KK). Juu yake yamepangwa matofali mengine, mapya, ambayo baadhi yana jina la Saddam Hussein, aliyeamuru kasri la mfalme huyo lijengwe upya katika miaka ya 1980.

Katika Biblia, mji huu ni zaidi ya mahali. Kuanzia kitabu cha Mwanzo hadi Ufunuo, Babeli ni jina la kiburi cha mwanadamu na la hukumu inayokifuata. Lakini ni kiburi cha namna gani kinachohukumiwa, na kwa nini?

Neno lenyewe

Kiswahili kimelipokea neno kiburi kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu ukubwa. Katika Kiebrania, lugha ya sehemu kubwa ya Agano la Kale, mojawapo ya maneno yenye maana hiyo latokana na mzizi wa kuinuka, kama maji ya mto yanavyopanda. Si ajabu basi kwamba hukumu ya kiburi huelezwa mara nyingi kwa lugha ya kushushwa. Wahenga wetu nao walilisema jambo hilo kwa maneno matatu: mpanda ngazi hushuka.

Mnara katika nchi ya Shinari

Kisa cha kwanza kimo katika sura ya 11 ya Mwanzo. Watu wenye lugha moja wanachoma matofali, wanayaunganisha kwa lami, na kuazimia kujenga mji na mnara wa kufika mbinguni. Nia yao yatajwa waziwazi: kujipatia jina, na kuepuka kutawanyika duniani.

Msimulizi ana kejeli yake. Mnara unaodhaniwa kugusa mbingu ni mdogo kiasi kwamba Mungu anashuka ili auone. Hakuna moto wala gharika. Lugha zinavurugwa, na waliohofia kutawanyika wanatawanyika. Hata jina la mji linageuzwa: kwa Wababeli lilimaanisha lango la mungu, lakini msimulizi analihusisha na neno la Kiebrania la kuchafua au kuchanganya.

Mti uliokatwa

Kisa cha pili, katika sura ya 4 ya kitabu cha Danieli, kinamhusu Nebukadneza mwenyewe, ambaye majeshi yake yaliuteketeza mji wa Yerusalemu mwaka 587 au 586 KK na kuwachukua watu wa Yuda uhamishoni. Mfalme anaota mti mkubwa, wenye kivuli kwa wanyama na matawi kwa ndege, unaokatwa na kubakizwa kisiki. Danieli, mmoja wa wahamishwa hao, anamfasiria: mti huo ni wewe.

Hapo ndipo kilipo kiini cha simulizi. Danieli hamshauri mfalme ainamishe kichwa wala atoe sadaka. Anamshauri atende haki na kuwahurumia maskini. Kwa maneno mengine, kiburi cha mtawala hupimwa kwa hali ya walio chini yake, na dawa yake ni hiyo hiyo.

Mfalme anapewa miezi 12. Muda huo unapokwisha, yuko juu ya kasri lake akiutazama mji na kujisifu kwamba ameujenga kwa nguvu zake na kwa utukufu wake. Papo hapo akili inamtoka. Anafukuzwa miongoni mwa watu, anakula majani kama ng'ombe, nywele na kucha zinamrefuka. Aliyetaka kuwa zaidi ya mwanadamu anakuwa pungufu ya mwanadamu. Hata hivyo kisiki hakikung'olewa: baada ya nyakati saba anainua macho yake mbinguni, na akili na ufalme vinamrudia.

Karamu ya mwisho

Katika sura inayofuata Belshaza, anayeitwa humo mwana wa Nebukadneza, hapati nafasi hiyo. Anawaandalia karamu wakuu wake 1,000, na kuagiza wanywee divai katika vyombo vilivyoporwa hekaluni Yerusalemu. Vidole vya mkono vinaandika ukutani maneno ya kuhesabiwa, kupimwa na kugawanywa. Danieli anapoitwa kuyasoma anamkumbusha mfalme kwamba alikijua kisa cha mtangulizi wake, na bado hakujinyenyekeza. Usiku huo huo anauawa. Hukumu yake ni nzito kwa sababu alikuwa na mfano mbele yake.

Historia inasema nini

Maandishi ya Wababeli wenyewe yanathibitisha kwamba Belshaza aliishi, lakini yanamtaja kuwa mwana wa Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli, ambaye kwa miaka kadhaa aliishi Tayma, Arabuni, akimwachia mwanawe madaraka. Mji uliangukia mikononi mwa Koreshi wa Uajemi mwaka 539 KK. Aidha, miongoni mwa hati za kale zilizogunduliwa Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, umo mswada unaosimulia maradhi ya miaka saba ya Nabonido. Baadhi ya wataalamu hudhani kuwa kisa cha Nebukadneza kina uhusiano na simulizi hiyo.

Wataalamu wengi wa Biblia huona pia kwamba kitabu cha Danieli kilipata umbo lake la mwisho yapata mwaka 165 KK, wakati Antioko wa Nne alipowatesa Wayahudi. Mfalme huyo alijiita Epifane, yaani mungu aliyedhihirika. Kwa wasomaji wa wakati huo, habari za mfalme aliyekula majani hazikuwa hadithi ya kale tu. Zilikuwa faraja kwa wanyonge.

Si kila anguko ni hukumu

Biblia hiyo hiyo inaweka mpaka. Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka yatajwa maafa ya mnara wa Siloamu, ulioanguka na kuua watu 18. Yesu anakataa dhana kwamba marehemu hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kitabu cha Ayubu nacho kinawakemea marafiki wanaoyasoma mateso ya mtu kama ushahidi wa dhambi yake. Anayeitumia hukumu ya Mungu kuwanyooshea kidole walioanguka huenda yeye mwenyewe amekwisha kupanda juu ya kasri.

Chapa mbili

Utawala wa Saddam Hussein uliangushwa Aprili 2003. Majeshi ya kigeni yakapiga kambi ndani ya eneo la Babeli, na mwaka 2005 ripoti ya Jumba la Makumbusho la Uingereza ikaeleza uharibifu uliotokea humo. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliutangaza mji huo kuwa Urithi wa Dunia.

Matofali ya watawala wawili, waliotenganishwa na zaidi ya miaka 2,500, yamebaki katika kuta zile zile, kila moja likitaja jina la aliyeamuru lipangwe. Jina la aliyelibeba na kulipanga halikuandikwa popote. Ni huyo ambaye Danieli alimtaka mfalme amkumbuke, wakati muda ungalipo.