Kampuni Iliyokua Bila Mizigo: Miaka 11 ya Rift Valley Railways

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili Uganda tunapenda kuwaeleza wanafunzi kwamba lugha hii ilipanda bara pamoja na reli. Si uongo, ingawa si ukweli wote, kwa maana misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilitangulia. Lakini ni kweli kwamba reli ilikusanya Wahindi, Waswahili, Wakamba, Wajaluo na Waganda kwenye karakana moja, na wakalazimika kuelewana. Neno karakana lenyewe lina asili ya Kiajemi, na gari tulilipata kwa Wahindi. Stesheni, injini na tikiti ni za Kiingereza. Kwa hiyo historia ya reli si mali ya wanauchumi peke yao.

Makala haya yanahusu sura moja ya historia hiyo ambayo wanafunzi wetu wa leo waliishi wakati wake wakiwa watoto, nayo ni ile ya kampuni binafsi ya kusafirisha mizigo iliyoitwa Rift Valley Railways, au RVR.

Kwanza tukumbushane kwa ufupi. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901. Kampala iliunganishwa moja kwa moja mwaka 1931, Kasese mwaka 1956, na Pakwach mwaka 1964. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika moja la reli liligawanywa, kila nchi ikabaki na kipande chake. Injini zilizozoea kwenda mwendo mzima kutoka baharini hadi Kampala zikaanza kusimama mpakani Malaba. Mabehewa yakawa na uraia.

Ilipofika miaka ya 1990, mashirika yote mawili, la Kenya na la Uganda, yalikuwa hoi. Treni za abiria za Uganda zilikoma, njia ya Kasese ikafungwa, nyasi zikaota juu ya mataruma. Mwezi Mei 2005 meli ya Kabalega, iliyobeba mabehewa ziwani, ilizama baada ya kugongana na mwenzake Kaawa. Serikali mbili zikakubaliana, kwa shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa, kukodisha reli zao kwa mwendeshaji mmoja binafsi.

Hilo lilikuwa wazo zuri, nami sioni haya kulisema. Kwa mara ya kwanza tangu 1977, treni ingekuwa na bwana mmoja kutoka bandarini hadi Kampala. Zabuni ilishindwa na kundi la wawekezaji lililoongozwa na Sheltam ya Afrika Kusini. Tarehe 1 Novemba 2006 RVR ilipokea reli kwa mkataba wa miaka 25. Masharti yalikuwa kwamba ardhi na njia zibaki mali ya serikali, kampuni iendeshe, itengeneze na iwekeze, na kila serikali ilipwe asilimia 11.1 ya mapato. Maelfu ya wafanyakazi wa zamani hawakuvuka kwenda upande wa kampuni. Walistaafishwa.

Hapa ndipo shida ilipoanza. Sheltam haikuwa kampuni kubwa, na reli ya zaidi ya kilomita 2,000 ni mnyama anayekula sana. Fedha zilizoahidiwa hazikuonekana kwa kasi iliyotarajiwa. Injini zilikuwa chakavu, na sehemu nyingi za njia zilimlazimisha dereva kutambaa. Kabla kampuni haijasimama vizuri, Kenya ikaingia katika ghasia za uchaguzi. Mwezi Januari 2008 vijana wa Kibera, Nairobi, waling'oa reli iliyopita kati ya nyumba zao. Waliomkasirikia walikuwa mtu mwingine kabisa, lakini waliolala gizani walikuwa pia watu wa Kampala, Kigali na Bujumbura, ambako mafuta yaliadimika na bei ikapaa. Nadhani siku zile zilitufundisha sisi wa nchi zisizo na bahari kuliko mihadhara mingi. Uhai wa mji wetu ulipita katikati ya mtaa wa mabanda wa mji wa jirani.

Mwaka 2010 kampuni ilipata bwana mpya. Citadel Capital ya Misri, ambayo baadaye ilijiita Qalaa Holdings, ilichukua nafasi ya Sheltam. Baada ya kupanga upya hisa, Wamisri walikuwa na asilimia 51, TransCentury ya Kenya 34, na Bomi Holdings ya Uganda 15. Wataalamu waliletwa kutoka Brazil, kutoka kampuni ya América Latina Logística, iliyozaliwa katika ubinafsishaji wa reli za kwao mwaka 1997 na kukua kweli kweli. Mwaka 2011 benki na mashirika ya maendeleo yakakubali mikopo katika mpango wa dola milioni 164.

Tusiwe wachoyo wa kusifu. Kilomita 73 zilizochakaa kuliko zote kati ya Mombasa na Nairobi zilitandikwa upya. Mfumo wa kompyuta na setilaiti uliletwa kuongoza treni. Mwaka 2013 treni ya mizigo ilionekana tena Gulu, baada ya kama miaka 20. Mwaka 2014 zilianza kuwasili injini 20 zilizotumika na kukarabatiwa, kutoka Marekani. Mwezi Desemba 2015 hata abiria wa Kampala walipata treni ya kwenda Namanve.

Basi mbona nasema ilikua bila mizigo? Tazama bandari. Mwaka 2006 Mombasa ilihudumia zaidi ya tani milioni 14 za shehena. Mwaka 2017 zilikuwa zaidi ya milioni 30. Bandari imekuwa mara mbili, na reli katika miaka hiyo ilizunguka kwenye tani milioni 1 na nusu hivi, mara nyingi chini ya hapo. Wanahisa walibadilika, mikopo iliongezeka, makao makuu yalipata wakurugenzi kutoka mabara matatu, na makontena yaliendelea kupanda malori. Mfanyabiashara wa Kikuubo, pale Kampala, hakujali nani ana asilimia ngapi. Alitaka kujua mzigo wake utafika lini, na mwenye lori angalau alipokea simu.

Wapo wanaosema mwekezaji alihujumiwa, kwa kuwa Kenya ilikwisha kuamua kujenga reli mpya ya geji pana kwa mkopo wa China. Hoja hii ina uzito. Ni nani ataweka fedha zake kwenye njia ambayo kando yake inajengwa nyingine? Lakini miaka ya kwanza minne ilipotea kabla reli hiyo mpya haijachimbiwa msingi. Jirani zetu Watanzania nao waliikodisha reli ya kati kwa RITES ya India mwaka 2007, na kufikia 2011 ndoa ile ilikuwa imevunjika, pasipo reli ya Wachina ya kulaumiwa.

Mwaka 2017 ulikuwa wa mwisho. Kampuni ilidaiwa ada na serikali zote mbili. Treni ya abiria ya geji pana ilizinduliwa Mombasa tarehe 31 Mei, na katikati ya mwaka huo Kenya ikatwaa reli yake ya zamani. Uganda ilifuata, na mapema mwaka 2018 Shirika la Reli la Uganda lilikuwa likiendesha treni tena, zikiwemo zile za Namanve. Mwezi Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na Yapı Merkezi ya Uturuki mkataba wa kujenga geji pana kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272.

Mkataba wa RVR, kama ungeishi, ungekwisha mwaka 2031, miaka 100 tangu reli ya Mombasa ifike Kampala.