Tulishiba, Nguo Ndiyo Iliyotushinda

Vijana wakisikia tulivyoishi Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hudhani tulikufa njaa. Njaa tuliionja 1974, wakati wa Kilimo cha Kufa na Kupona: ukame juu, unga wa njano wa Marekani chini, na sisi ndio kwanza tumehamishwa na Operesheni Vijiji, miembe yetu tumeiacha kwenye mahame. Dhiki ya miaka ya 1980 ilikuwa ya namna nyingine. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, na mikanda yenyewe ikaadimika dukani.

Mama hakupanga foleni ya unga. Viazi vitamu vilipovunwa kiangazi, vingine alivimenya vibichi, akavikata vipande na kuvianika jabalini: hiyo ndiyo michembe. Vingine alivichemsha kwanza, ndipo akavimenya, akavikata na kuvianika. Hayo ni matobolwa, ambayo sisi watoto tulikwenda nayo machungani. Kila kipande alikijaribu kwa vidole. Kikivunjika kwa mlio, kimeiva kwa jua. Kikipinda, kinarudi jabalini, maana kimoja chenye unyevu huozesha kilindo kizima. Kilindo chetu kilikuwa cha gome la muyombo, kirefu kuliko mimi wakati huo.

Majani ya kunde yaliyokaushwa, nsansa, tuliyala kwa karanga na magadi. Magadi nayo hayakununuliwa: maganda ya maharage yalichomwa, jivu likatiwa kwenye chungu kilichotobolewa kitako, maji yakamiminwa juu. Yaliyodondoka chini, rangi ya chai, ndiyo yaliyolainisha mboga. Sukari ilikuwa asali ya mizinga ya baba. Sabuni, majani ya mpapai. Muhogo tulikuwa nao wa kutosha, zao ambalo serikali ya Waingereza iliwalazimisha wazee kulipanda kama akiba ya njaa. Amri ya bwana shamba wa kikoloni ilitufaa sisi wajukuu, ingawa babu asingependa kunisikia nikisema hivyo.

Nguo ndiyo iliyotushinda. Mama na dada zangu walivaa khanga moja kwa zamu, anayetoka ndiye mwenye zamu. Miguuni tulikuwa na katambuga za tairi, lakini shati halikatwi kwenye tairi. Msiba ukitokea, watu walihangaikia sanda kabla ya kuhangaikia kaburi.

Na hapo ndipo ninapoona uchungu wa historia yetu. Msafiri Mwingereza Burton alipofika Unyamwezi mwaka 1857 alikuta wenyeji wakifuma nguo za pamba kwenye vitanda vya mfumi. Ikaja marekani, kitambaa kilichotoka viwanda vya Massachusetts kupitia Zanzibar, nyepesi kwa bei na nyingi kwa idadi, na waliobeba majora hayo hadi bara ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Babu zetu waliiua kazi ya mfumi kwa mabega yao wenyewe, wakalipwa ujira. Chuma kilifuata njia hiyohiyo. Wahunzi wa pande zetu waliyeyusha mawe wakafua majembe. Sisi tulikaa tukisubiri jembe la kiwanda cha UFI kutoka Dar es Salaam. Azimio la Arusha la 1967 lilihubiri kujitegemea wakati wafumaji wetu walikwisha kuzikwa. Tulichokuwa bado tunajua kukifanya, yaani kulima, kuanika na kuhifadhi, hakikutuangusha hata mwaka mmoja katika dhiki hiyo ya miaka ya 1980. Wanaosema siku hizi kwamba zamani mtu aliishi kwa jasho lake tu nawauliza: sanda aliipata wapi?

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa, na baadaye mitumba ikaanza kushushwa stesheni ya Tabora. Mama alibadilisha debe la karanga kwa gauni la maua, akarudi nyumbani akilalamika kwamba amepunjwa.