Je, Sultani Barghash Anastahili Sifa?

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda hawezi kuikwepa Zanzibar. Wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda enzi za Kabaka Suuna, nao walikuja na lugha hii tunayoisoma. Waliporudi pwani walibeba pembe za ndovu, na walichukua pia watu. Kwa hiyo ninapomsoma Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, nasoma habari inayonihusu. Katika insha hii ninajiuliza swali moja: je, tumsifu kwa kufunga soko la watumwa?

Barghash alikuwa mtoto wa Seyyid Said. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua ndugu yake, Sultani Majid. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash alirithi kiti, akijua tayari nguvu za Waingereza.

Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli zake. Mwaka uliofuata Uingereza ilimtaka akubali mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. Kwanza alikataa. Alikubali Juni 1873, baada ya John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, kumtishia kwamba manowari zingekizingira kisiwa. Soko la watumwa likafungwa. Hata hivyo, utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Zanzibar hadi 1897, miaka tisa baada ya kifo chake.

Wanaomtetea hutaja maji safi aliyoyaleta mjini kwa mabomba, pamoja na Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga mwaka 1883. Hayo ni kweli. Lakini utajiri wa Zanzibar wakati huo ulitegemea karafuu na pembe za ndovu, na mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa.

Pia utiifu wake kwa Waingereza haukumwokoa. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya mji wake, naye akalazimika kuyakubali madai yao ya bara. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia, mbali na visiwa, ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi na miji michache. Miaka miwili baadaye alifariki.

Kwa maoni yangu, mtu aliyekubali kwa kutishiwa mizinga hastahili sifa ya ukombozi. Lakini simalizii hapo. Kwa mtu aliyetekwa bara na kufikishwa pwani, sababu za sultani hazikuwa na uzito wowote. Alichohitaji ni soko la Mkunazini lifungwe, nalo lilifungwa. Ndiyo maana natenganisha mambo mawili: tendo nalisifu, mtawala simsifu. Nadhani tukiwachanganya, tutawasahau wale waliouzwa.